Kutoka Kabati hadi Tumboni mwa Kaka Yangu

Mpishi asiyeonja ni sawa na kinyozi aliyefumba macho, na kaka yangu Muthama alikuwa amefika hapo. Ana hoteli Mtito Andei, kando ya barabara ya Mombasa, pale ambapo madereva wa malori hushuka na njaa ya kutwa nzima. Kwa miaka mingi maharagwe yake yalisifiwa na watu wasiojua hata jina lake; walisema tu, "Tukale kwa yule mrefu." Kisha vidonda vya tumbo vikamshika. Kijiko kimoja cha mchuzi kilitosha kumkunja juu ya magunia ya vitunguu huku jasho likimtoka. Akaacha kuonja, akawa anapika kwa kukisia, na madereva wakaanza kuegesha malori yao mbele kidogo, kwa jirani.

Hayo yote niliyajua. Nisilolijua nililetewa na Kilonzo, mfanyabiashara wa vyondo, ile mikapu ya mkonge, wa hapa Kabati, mtu ambaye biashara yake humfikisha kila mahali ambapo mtalii anaweza kusimamisha gari.

"Mwalimu, ndugu yako anauza hoteli," aliniambia siku tulipofunga shule kwa likizo ya Agosti. "Kuna mzee mmoja wa Mwingi, Bwana Athumani, ameshaangalia mpaka masufuria. Amesema atarudi kumaliza hiyo maneno kabla shule zifunguliwe."

Mimi hufundisha biolojia katika shule ya wasichana karibu na soko la Kabati. Aliyenisomesha ni Muthama, kwa maharagwe hayo hayo. Mama yetu alipofariki tukiwa wadogo, mama mdogo alitulea, na Muthama alipopata jiko lake la kwanza alisema hatapika vyungu viwili, kimoja cha wateja na kingine cha karo ya Mwende, ndiye mimi. Vyote vitatoka chungu kimoja. Kwa hiyo habari ya kuuzwa kwa hoteli ilinichoma kuliko habari ya ugonjwa wenyewe.

Miaka ya tisini ndiyo ilikuwa inaanza, na dawa aliyopewa ilikuwa bado ngeni kwetu. Dawa za tumbo tulizozizoea hukimbizana na asidi ikiwa imeshamwagika. Hii mpya huiendea pampu inayoimwaga asidi na kuifunga. Nilikuwa nimesoma habari zake nikafurahi mwenyewe kama mtoto. Lakini Muthama alikuwa karibu kumaliza kopo zima bila nafuu, na daktari alikuwa amemwambia kwamba kopo la pili likishindwa, watazungumza habari ya kisu. Akaona afadhali auze angali anasimama kwa miguu yake. Mimi nikajiambia kwamba dawa ya namna hii haishindwi hivi hivi. Lazima kuna kitu. Nikashuka Kitui mjini nikanunua kopo la pili, nikatia gauni zangu katika kiondo, nikamwomba Kilonzo nafasi katika pikapu yake.

Asubuhi tuliondoka Kabati na vyondo vingi sana nyuma na kimoja mapajani mwangu. Kulikuwa na kibaridi kile cha Agosti ambacho huwafanya watu wa Kitui wavae makoti na kulalamika, kisha ifikapo saa tano wayavue na kulalamika tena. Kilonzo huendesha polepole na kuuliza maswali upesi. Tulipoanza kuteremkia mto Athi alitaka kujua asidi ya tumboni hutiwa na nani.

"Protini," nikamjibu.

"Protini? Si hiyo ni maharagwe?"

"Ni maharagwe, ni nyama, ni mayai. Lakini ukishakula, mwili unazivunja na kuunda zake, na hizo zake kila moja ina kazi. Nyingine zinabeba hewa, nyingine zinavuta misuli. Hizi za tumboni kazi yao ni kubeba protoni."

"Haya, na protoni ni nini tena?"

"Chukua atomu ya hidrojeni, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote. Inyang'anye elektroni yake ya pekee. Kilichobaki ni protoni. Zikijaa ndani ya maji, maji yanakuwa makali. Ndimu, maziwa mala, betri ya hii gari yako, ukali wote ni huo."

Kilonzo akajipapasa tumbo. "Kwa hivyo natembea na betri hapa."

"Na inakusaidia kusaga nyama. Ubaya ni ikipata kidonda."

Mpaka hapo nilijiona hodari. Kisha, tukiwa juu ya daraja, maji ya Athi yakipita chini yetu membamba na ya kahawia, akaniuliza hiyo protoni inapitaje. Nikamweleza kwamba seli ina utando mwembamba wa mafuta, protoni haiwezi kuupenya, na protini imekaa katikati ya utando ikiipitisha upande wa pili.

"Ngoja, Mwalimu. Kitu hakina miguu. Kinabebwa na kitu hakina mikono. Kinapita kwa ukuta haina mlango. Wasichana wako wanaelewa hapo?"

"Wanaandika," nikamwambia, na hilo ndilo lilikuwa jibu la kweli.

Masii tuliagana, yeye akielekea Machakos. Basi la Tawa lilikuja likiwa na nafasi tele, jambo lililonitia wasiwasi, na tulipoanza kupanda mlima wa kwanza nikaelewa kwa nini wenyeji walichagua kungoja lile la nyuma. Kondakta alitangulia kwa miguu akiwa na jiwe la kuzuia gurudumu. Lakini mtu asiye na haraka hupata faida ya kuona. Matuta ya milima ya Mbooni yalikuwa yamepangwa ngazi baada ya ngazi, mengi yakiwa na mabua makavu tu, na kila mahali palipotoboka mtu alikuwa amepaziba kwa mawe.

Jioni nilifika Tawa nikamkuta mama mdogo, Syombua, akichambua ndengu, yaani choroko, mlangoni pake. Sisi humwita mwaitu, yaani mama, tangu alipotulea.

"Wakya, Mwende," akanisalimu kwa Kikamba.

"Aa, mwaitu."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba. "Umekonda. Kaa ukule, halafu uniambie mtoto wangu anakufa ama hafi."

Nikamwambia hafi. Nikamwambia habari za kopo na za Bwana Athumani. Alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kutupa changarawe pembeni. Hakuwahi kufika Mtito Andei. Kila mwaka alisema atakwenda baada ya mavuno, na kila mwaka mavuno yalimwangusha. Alikuwa ameahidi kwamba siku akienda ataketi mezani kama mteja, apikiwe na yule aliyemfundisha kuwasha moto. "Na sasa anataka kuuza hiyo meza," akasema, akachota konzi nyingine ya ndengu.

Kesho yake sikuruhusiwa kuondoka kabla ya mwethya, ile kazi ya kusaidiana ya kijiji. Kikundi cha mama mdogo, akina mama wa kanisani wengi wao, kilikuwa kinajenga bwawa la mchanga katika mto mkavu chini ya soko, ili mvua ikija mchanga ujae nyuma ya ukuta na kushika maji. Mwethya wao una utaratibu wake. Kwanza sala, kisha uji. Hakuna anayeshika karai kabla ya uji, maana anayefanya kazi na njaa huangusha mzigo kwenye miguu ya wenzake. Bakuli zikishawekwa chini, kila mmoja huchukua nafasi yake na mstari hufungwa, kuanzia ukingoni hadi ukutani. Ukichelewa hapo hakuna pa kuingia. Utabaki kutafutiwa kazi ya kuchekesha watoto. Nami nikapewa nafasi kati ya mama mdogo na mwanamke mmoja mnene aliyeimba bila kupumua.

Karai za zege zikaanza kuteremka. Unageuka kulia, unapokea. Unageuka kushoto, unampa mwenzako, na mkono huo huo unapokea karai tupu inayorudi. Unageuka tena kulia, unaitoa tupu, unapokea iliyojaa. Hakuna anayetembea hata hatua moja. Hata hivyo zege lilikuwa linakwenda, na ukuta ulikuwa unapanda.

Nikasimama na karai mkononi, nimeduwaa.

"Mwalimu amelala!" yule mwimbaji akapaza sauti, na mstari mzima ukacheka.

"Silali," nikasema. "Ndivyo zinavyofanya! Zile protini!"

Nikawaeleza huku nikipokea na kutoa, maana hawakukubali nisimame. Nikawaambia kwamba protini iliyo katika utando wa seli ya tumbo nayo haitembei popote. Hujikunja. Hufunguka upande wa ndani, ikapokea protoni, ikajifunga. Kisha hufunguka upande wa nje na kuiachilia, na kule kule hupokea potasiamu, ikarudi nayo ndani, namna tunavyorudisha karai tupu. Haifunguki pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu ikifanya hivyo kila kitu kitarudi kilikotoka. Na ndani ya protini yenyewe protoni hupewa kutoka sehemu moja hadi nyingine, hatua fupi fupi, mkono kwa mkono. Nguvu ya kujikunja inatoka kwa chakula, na ndiyo maana pasipo uji hakuna mwethya.

"Hizi protini ziko kwa tumbo peke yake?" akauliza mama mdogo.

"Hapana, mwaitu. Ndugu zao wa kila aina wako kila mahali penye uhai. Mizizi ya ndengu zako inasukuma protoni kwenye udongo ili ilegeze chakula chake. Na hiyo mikono yako inapata nguvu kwa sababu ndani yake protoni zinasukumwa upande mmoja wa utando, kisha zinarudi kwa kasi zikizungusha protini nyingine, mfano wa maji na gurudumu la kinu."

Akaitazama mikono yake iliyojaa saruji, akaonekana kuridhika nayo. "Na kwa Muthama?"

"Kwa Muthama mwethya ni mkali na kuna kidonda. Dawa ni ya kuwashika mikono wapumzike, kidonda kipone."

"Basi nenda uwashike," akasema. "Na usirudi hapa kuniambia habari ya protini. Rudi uniambie ameonja." Tulipomaliza alinifungia ndengu katika kitambaa, zile alizozichambua mlangoni. Zipikwe na Muthama mwenyewe, akaniagiza, si mtu mwingine.

Asubuhi iliyofuata nilitoka Tawa nikapitia Wote hadi Emali, nikaikuta barabara ya Mombasa, na kuanzia hapo dunia ikanyooka. Basi lilikimbia. Sultani wa barabara ile ni lori, na sisi wengine hupita kwa hisani yake. Makindu harufu ya chapati iliingia dirishani. Kibwezi kulikuwa na mkonge na wauzaji wa asali waliotuapia kwa jina la Mungu kwamba haijaongezwa sukari. Kadiri tulivyoshuka, joto lilipanda, nami nikavua sweta, kisha kilemba, kisha nikawa sina tena cha kuvua kwa heshima.

Alasiri nilishuka Mtito Andei. Malori yalikuwa yamejipanga pande zote mbili, vituo vya petroli vikinuka, nyani mmoja amekaa juu ya turubai akila kitu ambacho hakukinunua. Mbele ya hoteli ya Muthama lilisimama lori moja tu. Wifi yangu Kalekye alinipokea kiondo akanikumbatia, na nyuma yake akaja kaka yangu. Alikuwa mrefu vile vile lakini amejikunja katikati, na koti la upishi lilikuwa linamning'inia.

"Nimesikia unauza," nikamwambia.

"Nimesikia umekuja kunifundisha biolojia," akanijibu, akatabasamu nusu.

Wakati wa chakula cha jioni ndipo nilipoona. Kalekye alimwekea mumewe ugali laini na maziwa, akahakikisha amekula, akamsihi aongeze. Alipomaliza, wifi yangu akaleta kapsuli moja ya mwisho iliyobaki. Akaifungua katikati kwa kucha, akamwaga chembechembe zake ndogo mezani, akaziviringishia chupa ya soda hadi zikawa unga, akautia unga katika kikombe cha uji wa moto, akakoroga vizuri. Maganda ya kapsuli akayatupa jikoni. Alifanya yote hayo kwa uangalifu wa mama anayemlisha mtoto mchanga.

"Hapana!" nikaropoka, na dereva aliyekuwa meza ya pembeni akaacha kutafuna.

"Hapana nini?" Muthama akauliza. "Mimi siwezi meza hiyo nailoni ya nje, Mwende. Itakwama hapa ndani inimalize."

"Na dawa kali hivi huwezi pea mtu na tumbo tupu," Kalekye akasema. "Itamchoma. Kila mtu anajua. Lazima akule kwanza."

Na kweli kila mtu anajua. Hakuna nyumba Ukambani ambako mgonjwa hupewa dawa kabla ya kushibishwa. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Nikachukua unga wa ngano nikachora utando mezani, nikachora seli, nikachora mishale. Muthama alitazama kwa adabu mpaka mshale wa nne. "Dada, nimechoka," akasema, akaenda kulala, akiacha uji wake palepale. Kalekye akaufuta mchoro wangu kwa kitambaa. Aliumia, nami niliona.

Asubuhi, kabla ya hoteli kufunguliwa, niliomba maji ya moto kidogo katika glasi. Nikafungua kopo jipya, nikadumbukiza kapsuli moja. Kalekye alitaka kunizuia nisiharibu dawa, lakini nikamwambia hiyo moja ndiyo sadaka. Ganda likalainika, likatepeta, likayeyuka, chembechembe zikatulia chini ya glasi.

"Nailoni iko wapi?" nikamuuliza Muthama.

Akainamia glasi. "Imeenda."

"Haikuwa nailoni. Hilo ganda nalo ni protini, linatokana na ngozi na mifupa iliyochemshwa."

Macho ya mpishi yakafunguka. "Kwa hivyo ni supu."

"Ni supu iliyokaushwa."

"Supu naweza meza," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nifike alicheka hadi akashika ubavu.

Nikaona hapo hapo ndipo pa kukipiga chuma kingali moto. Nyuma ya jiko kulikuwa na pipa la kujaza maji, na kila asubuhi watu hubeba maji kutoka mfereji wa barabarani. Nikawapanga. Kalekye mwanzo wa mstari, mama anayeosha vyombo akafuata, kisha madereva wawili waliokuwa wakingoja chai na ambao walidhani ni mchezo. Sufuria za maji zikaanza kupita kuelekea pipani, tupu zikirudi. Muthama aliketi kwenye kigoda akitazama.

"Hilo pipa ndilo tumbo lako," nikamwambia. "Hawa ndio pampu, na maji ni asidi. Umeona wanavyofanya?" Kisha nikajipenyeza katikati, nikamshika dereva wa kwanza mikono yote miwili, nikamng'ang'ania. Sufuria zikarundikana kwa mama wa vyombo, Kalekye akapiga kelele kwamba anamwagikiwa, na pipani hakikufika kitu.

"Mimi ndiye dawa," nikasema, bado nimemshika yule dereva, ambaye alianza kuona aibu. "Sasa niambie. Nikija wakati kazi imeisha nitamshika nani?"

"Utakuta watu wamekaa," akasema Muthama.

"Ndiyo hivyo. Pampu za tumbo huamka ukianza kula. Dawa inapaswa kuwa tayari kwenye damu zinapojipanga. Ukimeza baada ya kushiba, hata ikifika kwenye damu, inakuta wengi wameondoka mstarini. Meza kwanza, subiri kidogo, ndipo ule. Haichomi, tumbo tupu ndilo inalolitaka."

"Na kwa nini nisisage?"

"Kwa sababu dawa hii huamshwa na asidi. Zile chembe zimevishwa koti ili zipite tumboni bila kuamka, zifike utumbo mdogo, ziingie kwenye damu, zizunguke, zije kuingia kwa mlango wa nyuma wa seli. Huko, pale pampu inapomwagia asidi yake, ndipo dawa inaamka na kushika. Ukiivua koti, inaamka tumboni peupe, mahali pasipo na mkono wa kushika. Ni sawa na mimi nivunjwe miguu hapo Kibwezi. Nitafikaje hapa?"

"Huwezi fika," dereva wangu akasema.

Kalekye alikuwa ameweka sufuria chini. Alielewa kabla ya mumewe, na uso wake ukabadilika. "Kumbe ni mimi," akasema. "Kopo yote. Nimekuwa nikiivunja miguu na hii mkono yangu." Akaanza kulia, pale pale mbele ya madereva.

Nilimwachia dereva nikamshika yeye. Nikamwambia kwamba hakuna aliyemweleza, na kwamba nyumba zote nilizolala tangu nizaliwe zingefanya vile vile, kwa mapenzi yale yale. Nililia kidogo na mimi, nasema ukweli, kwa sababu nilikumbuka jinsi alivyozisaga zile chembe bila kuacha hata moja mezani. Muthama akainuka kwenye kigoda. Akachukua kapsuli, akaiweka ulimini, akaimeza nzima kwa maji, akafumba macho kama mtu anayengoja kusikia ikianguka.

"Supu imeshuka," akatangaza. "Kalekye, wacha kulia. Niambie tu saa ya kula."

Siku zilizofuata zilikwenda taratibu. Nilimwonya kaka yangu kwamba seli hutengeneza pampu mpya kila siku, hivyo dawa nayo ni ya kila siku, na kidonda hakifungwi kwa uchawi. Kalekye akawa ndiye mlinzi. Alikuwa akimwamshia dawa, akimzuia jikoni hadi muda upite, kisha anamwita mezani kwa sauti ambayo hata madereva waliitii. Wiki ya kwanza hatukuona tofauti. Wiki iliyofuata niligundua kwamba anatembea akiwa amenyooka. Lakini hakuonja. Kalekye ndiye alikuwa mwonjaji tangu mume wake aache, naye kwa woga wa kukosea alikuwa ametia chumvi kila siku zaidi kidogo ya jana, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Karibu na mwisho wa likizo, saa sita mchana, Bwana Athumani alishuka kwenye basi la Mombasa. Alikuwa mzee nadhifu, kofia nyeupe, wa ukoo uliohamia Mwingi kutoka pwani zamani, na Kiswahili chake kilitufanya sote tuchunge chetu.

"Hamjambo wenyeji. Nimekuja tuyakamilishe yale mazungumzo yetu, Inshallah, ila njaa imenitangulia. Jikoni kuna nini kisicho na nyama?"

Siku hiyo Muthama alikuwa ameziinjika ndengu za mama mdogo kwa mkono wake, kama ilivyoagizwa, na kumwachia Kalekye kuzimalizia. Akaleta bakuli, akamwandalia mgeni, akaketi mbele yake. Bwana Athumani akaomba dua, akala kijiko kimoja. Akanywa maji. Akala cha pili, akanywa maji tena. Ni mtu mwenye adabu sana.

Muthama alimtazama. Akatazama bakuli. Mimi nilikuwa mlangoni na Kalekye, na nikahisi vidole vyake vikinibana mkono. Kaka yangu akachukua kijiko safi, akachota ndengu katikati ya bakuli la mgeni, jambo ambalo si la heshima hata kidogo, akatia kinywani.

Tulingoja ajikunje. Hakujikunja.

"Kalekye!" akaita kwa sauti iliyofika barabarani. "Nani ametia hii chumvi yote? Unataka tuue wazee wa watu? Hii ndengu imetoka kwa mwaitu! Leta maji ya moto, leta nyanya, toa hiyo sufuria kwa moto!" Naye akalibeba lile bakuli, akaenda jikoni kwa hatua kubwa, akionja njia nzima.

Bwana Athumani akajifuta midomo. "Mtu anayeigombea chumvi namna hiyo," akaniambia taratibu, "hajawa tayari kuuza jiko. Mwambie nitangoja zilizorekebishwa. Na basi la kurudi ni saa ngapi?"

Kalekye sikumwona. Nilimkuta nyuma, amejishikilia kwenye pipa la maji, anacheka na machozi yanamtiririka.

"Amenigombeza, Mwende," akasema. "Tangu mvua ya mwaka jana hajanigombeza."

Siku ya kuondoka, malori mbele ya hoteli yalikuwa bado machache, lakini Muthama alikuwa jikoni akibishana na kitunguu. Nilichojifunza katika safari hii ninaweza kukisema kwa ufupi: nilijua protini yote ilivyo na protoni yote inavyopita, lakini sikuwa nimewahi kumuuliza mtu yeyote dawa anaimezaje, na nani anampa. Muhula ulipofunguliwa nilianza somo hilo nje, kwa ndoo na mstari, na siku hiyo hakuna msichana aliyeandika kitu.

Kabla ya Kabati nilipita Tawa. Ukuta wa bwawa ulikuwa umefika kifuani, na mwethya ulikuwa katikati ya kazi. Mama mdogo aliniona nikiteremka ukingoni, lakini hakuacha nafasi yake; mstari haukatwi kwa sababu ya mgeni. Aliendelea kupokea na kutoa, akinitazama.

"Ameonja?" akaniuliza kutoka mbali.

"Ameonja, mwaitu."

"Akasema nini?"

"Akasema chumvi imezidi."

Karai iliyojaa ilikuwa imemfikia. Aliishika kifuani, akasimama nayo, na mstari mzima wa akina mama ukasimama pamoja naye, kulia hadi juu na kushoto hadi ukutani, hakuna aliyemwambia amelala. Kisha akajifuta macho kwa bega, akageuka, akampa mwenzake.